Kivuli Kina Mwenyewe

Katika miti yote ya kupandwa ninayoijua hapa Griftu, Wajir, kaskazini mwa Kenya, hakuna hata mmoja ulionitangulia kuzaliwa, nami nilizaliwa miaka michache tu kabla ya Uhuru. Migunga ipo, tena mikongwe, na miswaki iko kando ya laga, mkondo wa maji ya mvua, lakini hiyo yote ilijiotea. Mti ambao mtu aliuchimbia shimo, akautilia samadi, akauzungushia miiba na kuumwagia maji mpaka ukasimama, huo ulikuja juzi. Redio ilitufikia kwanza, na kuna familia ambazo hata lori lilizifikia kwanza.

Sababu yake ni nyepesi. Mtu anayehama na ngamia apande mti wa nini? Nyumba ya mama yangu, aqal ya fito na mikeka, ilivunjwa alfajiri na kupakiwa, na jioni ilikuwa imesimama mahali pengine. Kivuli tulikikuta huko huko tulikokwenda. Mgunga mkubwa penye malisho ulikuwa na jina lake. Wazee waliamua kesi chini yake, kina mama walipunguza matawi kulisha mbuzi wachanga wakati wa kiangazi, na hapakuwa na mtu aliyesema ni wake. Kuuangusha mti wa namna hiyo kulikuwa ufidhuli wa kutozwa mbuzi. Lakini kuupanda? Aliyeupanda ni Mungu.

Hii basi ni habari ya miti miwili iliyotufundisha kupanda: mwarobaini na mathenge. Yote ni ya kigeni. Yote huvumilia jua letu na kubaki kijani wakati kila kitu kimegeuka rangi ya vumbi. Kwa kipindi fulani katika miaka ya 1980 ilitoka katika vitalu vile vile, ikagawiwa na watu wale wale, bila ubaguzi. Leo mmoja watu huketi chini yake na kuusifu, na mwingine umetangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa gugu la hatari. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, nikawa mlezi wa 4K, chama cha kilimo cha wanafunzi, na miti hii yote nimeipanda, nimeipogoa na nimeing'oa. Wataalamu wakieleza kilichoitenganisha hutaja mizizi, mbegu na mvua. Mimi nawaambia waangalie pia jerikeni.

Mwarobaini ndio uliotangulia. Asili yake ni Bara Hindi na Burma. Wahindi waliuleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, ukazoea Mombasa, Malindi na Lamu kiasi kwamba mtu wa pwani huudhani wake tangu enzi za Nuhu. Huku kwetu ulifuata ofisi. Wajir ilifunguliwa kama boma la serikali mwaka 1912, na kuanzia 1926 wilaya za mpaka wa kaskazini zilifungwa kabisa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya Uhuru ikaja hali ya hatari, ambayo sheria zake hazikuondolewa kwetu mpaka 1991. Katika miaka yote hiyo, waliokuwa na nyumba za kudumu na tangi la maji walihesabika: polisi, maofisa, hospitali, msikiti, na wenye maduka, Waarabu wa Yemen na Wasomali waliofika kutoka upande wa Berbera na Aden. Miarobaini ya kwanza niliyoiona ilikuwa kwenye makao ya watu hao mjini Wajir, nilipopelekwa shule ya bweni. Niliutazama mmoja kwa muda mrefu nikidhani ni mgunga mgonjwa, maana sikuuona mwiba hata mmoja.

Griftu, iliyo magharibi ya Wajir, ilipata ya kwake kadiri watu walivyotua. Ukame wa miaka ya 1970, kisha ule wa 1984, ulimaliza mazizi mengi. Asiye na ngamia hana sababu ya kuhama wala uwezo wake. Hukaa karibu na mahali lori la chakula cha msaada linaposhusha magunia. Mwaka huo wa 1984, mwezi wa Februari, ndio wa mauaji ya Wagalla, kwenye uwanja wa ndege ulio kati yetu na mji. Hayo yana waandishi wake na makaburi yake, sitayaingiza katika makala ya miti, isipokuwa kusema kwamba wajane wengi waliojenga nyumba za kukaa hapa walianza kukaa kutokana na mwaka huo.

Na nyumba zenyewe zilikuwa za bati. Hili huwa halitajwi, na kwa maoni yangu ndilo lililoleta miti zaidi ya mikutano yote ya afisa wa misitu. Aqal hupitisha hewa. Unainua mkeka upande wa upepo, unaushusha upande wa jua. Bati halina upande. Saa nane mchana ndani ya chumba cha bati hapa kwetu hapakaliki, na mtoto mchanga hawezi kulazwa humo. Aliyejenga kwa bati mwaka huu, mwaka ujao alikuwa anauliza mche unapatikana wapi.

Mwarobaini una tabia moja inayowashinda watu kabla hata haujaota: mbegu yake haingoji. Tunda likiiva huwa la manjano, na hapo ndipo uliokote, uondoe nyama yake, uoshe kokwa, uikaushe kivulini, na uipande ndani ya wiki mbili tatu. Ukiiweka kwenye mkebe kama unavyoweka mahindi ya msimu ujao, utakuwa unahifadhi maiti. Gunia la kwanza tulilotumiwa chama cha 4K lilitoka Garissa kwa lori wakati wa mvua, na barabara ya Modogashe na Habaswein wakati wa mvua kila mtu wa huku anaijua. Lilipofika lilikuwa linanuka. Tulilimwaga, tukaenda Wajir kuomba miche iliyokwisha ota katika vifuko vya plastiki, tukairudisha ikiwa imefunikwa kwa magunia mabichi.

Ukishapata mche, kazi ndiyo inaanza. Shimo liwe la kina cha mkono mpaka kiwiko na zaidi, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, siyo mbichi. Mahali maji ya mvua yanapotuama pasitumiwe. Mwarobaini unastahimili kiu kuliko madimbwi. Kiangazi cha kwanza na cha pili unahitaji maji, hata kama ni jerikeni moja kwa siku chache, na katika mji ambao maji huja kwa punda kutoka kisimani au kwenye silanga, bwawa la maji ya mvua, hiyo jerikeni ni hesabu ya nyumbani. Ndipo watu walipobuni kile ambacho leo ni desturi kamili: mti hupandwa pale mzee wa nyumba anapotawadhia. Maji ya udhu mara tano kwa siku yanatosha kabisa. Maji ya kusuuzia vyombo hufuata. Chumvi kidogo iliyomo katika maji ya visima vyetu haiuui. Nyumba nyingi za Griftu utakuta jiwe la kutawadhia limekaa shinani mwa mwarobaini, na watoto wa siku hizi hudhani dini ndiyo iliyoamrisha.

Kisha ulinzi. Pwani watu husema mnyama hagusi mwarobaini kwa uchungu wake. Hao hawajamwona ngamia wa Wajir mwezi wa Septemba, mvua ikiwa bado haijafika. Anakula majani, anakula vijiti, na mbuzi humsaidia kwa kubandua gamba la shina. Kwa hiyo mche huzungushiwa ua wa matawi ya mgunga, ua huo hupanuliwa mwaka wa pili, na hauondolewi mpaka matawi ya kwanza yapite mdomo wa ngamia. Hapo, miaka mitatu au minne ikiwa imepita, unapogoa yale ya chini, unapata shina moja lililonyooka na kivuli cha kutandika mkeka. Baada ya hapo mwarobaini haudai kitu.

Sasa, kazi yote hii ilizua swali ambalo mababu zetu hawakuwa nalo. Kivuli hiki ni cha nani?

Sheria ya mti wa mwituni haikufaa. Ila tulikuwa na sheria nyingine, ya kisima. Kwetu malisho ni ya wote, lakini kisima ni cha aliyekichimba. Yeye na uzao wake ndio wanaotangulia kunywesha, na mgeni huomba, hupewa, lakini huomba. Nimewasikiliza wazee katika vikao vingi vya ugomvi wa miti, na bila mtu yeyote kutamka kwamba ndivyo wanavyofanya, waliuhukumu mwarobaini kama kisima. Hawakuuliza mche ulinunuliwa na nani wala kiwanja kiko kwa jina la nani. Waliuliza: nani aliumwagilia? Mjane mmoja wa mtaa wetu alikuwa amelea mwarobaini nje ya ua wake, upande wa njia ya lori. Mwenye duka alipotaka kuukata ajenge kibanda, akiwa na karatasi ya kiwanja mkononi, wazee walimsikiliza, wakasoma karatasi, kisha wakamwambia amlipe mama huyo au asogeze kibanda. Alisogeza. Majani ya mti ule watu walikuja kuomba mlangoni kwa mama, ingawa wangeweza kuyachuma tu wakipita.

Na walikuja wengi mwaka 1998. Baada ya mvua za El Niño, Wajir ilipatwa na mlipuko wa malaria ambao haukuwa na mfano kwa watu wa umri wangu. Sisi ni watu wa nchi kavu, hatuna kinga ya ugonjwa huo, na klorokwini ilikuwa imekwisha poteza nguvu. Miarobaini ya Griftu ilibaki vijiti wakati ule. Watu walichemsha majani, wakanywa, wakaoga. Siwezi kusema kwa haki kwamba yaliponya malaria, na mafuta ya mbegu zake ni hatari kwa mtoto mchanga, hilo madaktari wa nchi nyingi wamelithibitisha. Lakini mti uliokufaa katika mwaka kama ule huuachi tena.

Mambo mengine mawili yaliupa hadhi. Mahujaji wetu walirudi wakisimulia kwamba uwanda wa Arafat, ambao wazee wa zamani waliujua kuwa ni jua tupu, umepandwa miarobaini, na kweli Saudi Arabia ilipanda huko kama 50,000 kuwapa mahujaji kivuli. Mwarobaini ukawa, kwa namna fulani, umehiji. La pili ni nzige. Mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, Heinrich Schmutterer, alishuhudia nchini Sudan mwaka 1959 kundi la nzige likiacha miarobaini huku kila kilichoizunguka kikiliwa, na kuanzia hapo ulimwengu wa sayansi ukaanza kuuchunguza kama dawa ya shambani, hadi makampuni ya ng'ambo yakagombea hataza. Wahindi walikwenda kuipinga hataza moja iliyotolewa Ulaya mwaka 1994, ikafutwa 2000, na rufaa ikaangushwa 2005. Nzige walipoingia kwetu kupitia Mandera na Wajir siku za mwisho za Desemba 2019, nilitoka kwenda kutazama kama Schmutterer alisema kweli. Walitua juu ya mwarobaini wangu wakajaa kila tawi, wakapumzika, wakaondoka. Migunga ng'ambo ya njia ilibaki mifupa.

Mathenge una historia fupi zaidi na yenye karatasi nyingi zaidi. Asili yake ni Amerika, kutoka Mexico na visiwa vya Karibi hadi kaskazini mwa Amerika Kusini. Sudan iliupata mapema, 1917, ukapandwa Khartoum. Kenya iliuleta mwaka 1973, kwa mbegu kutoka Brazil na Hawaii, ili kufunika machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, na pale ulifanya kazi vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipelekwa Baringo katika mradi wa kuni wa FAO, na Bura, ng'ambo ya mto Tana, ambako mradi wa kumwagilia pamba ulihitaji kuni kwa maelfu ya familia zilizohamishiwa pale. Ufini ndiyo iliyofadhili upandaji huo wa Bura. Kutoka Tana hadi Garissa ni hatua chache, na kutoka Garissa magari ya idara ya misitu yaliuleta juu. Watu husema jina lenyewe ni la afisa wa misitu aliyeusambaza. Ikiwa ni kweli, namhurumia, maana hakuna mtu wa kaskazini anayelitamka bila kukunja uso.

Haikuwa hila. Mtu anayesoma leo orodha ya sifa za mathenge angeuchagua mwenyewe. Unaota kwenye chumvi. Unarutubisha udongo kwa naitrojeni. Mizizi yake huteremka kutafuta maji kina ambacho hakuna mchimbaji wetu amekifikia kwa mkono: huko Arizona mzizi wa jamii ya mti huu ulikutwa kwenye machimbo ukiwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Kuni zake huwaka bila moshi mwingi, nyuki hupenda maua yake, na maganda yake ya manjano ni matamu kama tende. Zaidi ya yote, hautunzwi. Hilo ndilo lililorudiwa katika kila mkutano: mti huu hauhitaji maji yenu wala ua wenu. Kwa watu waliokuwa wanagawana jerikeni kati ya mtoto na mche, hiyo ilikuwa habari njema, na sisi wa 4K tuliupanda mstari mzima kuzunguka shule uwe ua.

Weka mbegu mbili mkononi, ya mwarobaini na ya mathenge, utaona pengo lote. Ile ya kwanza imekwisha kufa kabla mwezi haujaandama mara mbili. Ya pili ina gamba gumu, hulala ardhini miaka mingi, na inachongojea ni kupita tumboni mwa mbuzi. Mbuzi hula ganda kwa utamu wake, hatafuni mbegu yote, joto na asidi ya tumbo hulainisha gamba, kisha mbegu hutoka ndani ya kinyesi, imetiwa mbolea tayari, kilomita kadhaa kutoka ilikoliwa. Mwarobaini unahitaji mtu mwenye kitalu. Mathenge unahitaji kundi la mbuzi, na Griftu haijawahi kukosa kundi la mbuzi.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998, zile zile zilizoleta malaria, zilifanya iliyobaki. Mafuriko yalizoa kinyesi kutoka kwenye mazizi, yakakitandaza katika laga na kando ya silanga. Mvua ilipokatika, kila mahali maji yalipopita paliota mstari wa kijani. Tulifurahi mwaka mmoja. Mwaka wa tatu njia za ngamia zilikuwa zimezibwa.

Maana mathenge ukiachwa hauwi mti. Huota mashina mengi kutoka shina moja, yanatambaa, yanaingiliana na ya jirani mpaka hata ndama hapiti. Nyasi hazioti chini yake. Mwiba wake hutoboa viatu vya tairi na tairi lenyewe, na jeraha lake huvimba na kukaa. Mbuzi wanaoishi kwa maganda yake muda mrefu hukongoka meno, kwa kuwa nyuzi na sukari hukwama kwenye fizi. Watu wa Ng'ambo, Baringo, walifanya nililotamani tungelifanya sisi: waliishtaki serikali, na mwaka 2006 wakampeleka mbuzi asiye na meno katika Mahakama Kuu ya Nairobi awe kielelezo. Magazeti yalicheka. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu la hatari.

Haki lazima itendeke hata kwa mathenge. Ukiulea, hukubali malezi. Ukiwa mchanga, acha shina moja lililonyooka, kata mengine yote usawa wa ardhi, rudia kila mwaka kwa miaka mitatu, na utapata mti wa kivuli ambao mgeni hatautambua. Upo mmoja kama huo penye kituo cha magari, umepogolewa na fundi wa pancha, ambaye kwa miiba ya mathenge mingine amesomesha watoto. Maganda yakiokotwa na kusagwa, mbegu huvunjika na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo. Makaa yake ni mazito, na mama anayeuza chai sokoni atakuambia hataki mengine. Kuna nyumba hapa ambazo ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, zilivuka kwa makaa ya mathenge baada ya mbuzi kuisha.

Lakini kuuondoa ni kazi ya sululu. Ukikata usawa wa ardhi umeupogoa tu; utarudi na machipukizi kumi. Lazima uchimbe kisiki, ukate chini ya shingo ya mizizi, kina cha shubiri moja au zaidi, na wengine humwagia oili chafu juu yake. Kisha urudi msimu baada ya msimu kung'oa miche inayotoka kwenye mbegu zilizolala. Kwa hiyo kazi ambayo mwarobaini huidai mwanzoni, mathenge huidai mwishoni, na huidai kwa riba.

Na hapa sheria imetukwamisha. Sheria ya nchi inayohusu magugu hatari humwamuru mwenye ardhi ayaondoe. Shambani Kiambu hilo linaeleweka. Kwetu ardhi ilikuwa ya amana chini ya baraza, na tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatakiwa isajiliwe kwa jina la jamii, kazi inayokwenda kwa mwendo wa kobe. Mathenge wa kando ya silanga umesimama juu ya ardhi ya kila mtu, ulioteshwa na mbuzi wa kila mtu, na hakuna aliyeutilia maji. Ukitafuta wa kumwamuru, utamwamuru nani? Mwarobaini kila mmoja una jina. Ukiuliza huu ni wa nani, mtoto atakujibu. Mathenge nimewahi kuuliza, mtoto akaniambia, "Mwalimu, huo ni wa serikali."

Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ikapande miti. Siku hiyo Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa katika mafuriko, barabara zimekatika, na miche ya kugawa ilibaki ilikokuwa. Maji yakapita tena kwenye mazizi na kwenye laga. Miezi michache baadaye ile mistari ya kijani ilijitokeza upya, mirefu kuliko ya 1998.

Ndipo vijana wa mtaa wetu wakaja kwa wazee na pendekezo ambalo sijasikia mfano wake. Walikuwa tayari kung'oa mathenge wote wa upande mmoja wa silanga, kwa sululu, visiki na mizizi, na kurudi kila msimu. Makaa wangeuza wao, hilo halikuwa na ubishi. Walichotaka zaidi ni kwamba mahali watakapopasafisha pawe pao, wazungushe ua, wapande nyasi za kuuza wakati wa kiangazi. Mzee mmoja akakataa katakata: malisho hayana mwenyewe tangu Adamu, na tukianza na silanga tutaishia kugawana njia za ngamia. Mwingine akamkatiza kwa adabu, akasema, "Aliyechimba kisima tunampa haki ya kutangulia kwa sababu alichimba. Hawa nao watachimba. Tofauti iko wapi?" Wa kwanza akajibu kwamba kisima huleta kitu ambacho hakikuwepo, na hawa wanaondoa tu kilichopo. Kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, akauliza kama mzee amewahi kung'oa hata kisiki kimoja cha mathenge.

Kikao kiliahirishwa mara mbili, kikavunjika mara ya tatu kwa adhana ya adhuhuri. Baadhi wanataka vijana walipwe na kaunti, wapewe sululu na posho, ardhi ibaki ilivyo. Kina mama wa makaa hawataki ung'olewe wote. Mimi nimeshasimama upande wa vijana, kwa sharti moja ambalo nimelisema mbele ya wazee wote: wakiacha kurudi kung'oa misimu miwili, ua uvunjwe na haki yao iishe, kama kisima kilichoachwa kikafukiwa. Kikao kingine kimepangwa baada ya Ramadhani.